Agonauti: protini inayofanya kazi, RNA ikichukua sifa

#1 Mchimba Seli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Oktoba 2024 Victor Ambros na Gary Ruvkun walipopewa Nobel ya tiba, kila mahali palijaa sifa za RNA fupi. Mwaka 2006 ilikuwa hivyohivyo kwa Andrew Fire na Craig Mello. Sina ugomvi na wazee hao, wamestahili. Ila kuna mhusika ambaye habari za magazeti zinamruka kila mara, na bila yeye hizo RNA fupi ni makombo tu yanayoelea ndani ya seli. Anaitwa agonauti.

Kwa waliosahau biolojia: jeni iko kwenye DNA, inanakiliwa kuwa RNA mjumbe, nakala inatoka nje ya kiini, ribosomu zinaisoma na kutengeneza protini. Kunyamazisha jeni kwa RNA maana yake DNA inabaki palepale, haiguswi, lakini nakala inachanwa au inazuiwa isisomwe. Jeni inaendelea kutoa maagizo, hakuna anayeyapata.

Anayechana ni nani? RNA fupi ina urefu wa nyukleotidi (herufi za RNA) 21 hadi 23 hivi na haina meno. Chukulia askari mgambo aliyepewa picha ya mtuhumiwa. RNA fupi ni picha, agonauti ni mgambo. Picha peke yake haikamati mtu, na mgambo asiye na picha hajui amkamate nani.

Sasa tuingie ndani. Agonauti ina sehemu kuu nne: N, PAZ, MID na PIWI. MID ina mfuko unaobana kichwa cha RNA fupi, ile ncha ya 5 yenye fosfeti. PAZ inashika mkia, ncha ya 3. Katikati RNA imelazwa kwa namna ya makusudi kabisa: nyukleotidi ya 2 hadi ya 8, sehemu inayoitwa mbegu, zimeelekezwa nje tayari kupimana na RNA mjumbe yoyote inayopita. Mbegu ikikubali, kinachofuata ni kuangalia kama sehemu iliyobaki nayo inaoana. Ikioana yote, PIWI inakata. Na haikati ovyo: inakata upande wa RNA mjumbe, mkabala na pale nyukleotidi ya 10 na ya 11 ya RNA fupi zinapokutana. Kila mara hapohapo. Baada ya hapo vipande viwili vinaachiwa, agonauti inabaki na picha yake mkononi na kwenda kutafuta nakala nyingine.

Hili la PIWI kukata lilijulikana mwaka 2004. Kabla yake watu walijua kuna kitu kinakata, wakakiita "Slicer", hawakujua ni nani. Kundi la Leemor Joshua-Tor pale maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani, lilipopata umbo la agonauti ya Pyrococcus furiosus (kijidudu kinachopenda maji ya moto karibu na kuchemka), wakakuta PIWI inafanana na RNase H, kimeng'enya kinachojulikana siku nyingi kwa kukata RNA. Kazi iliyochapishwa sambamba nayo ikaonyesha kwamba ukibadilisha asidi amino chache za hapo kwenye AGO2, moja ya agonauti za binadamu, ukataji unakoma. Mtuhumiwa alikuwa amekaa mbele ya macho yao miaka yote.

Jina lenyewe ni la 1998, kutoka mmea wa maabara Arabidopsis. Watafiti waliharibu jeni moja, majani yakatoka membamba yaliyojikunja, yakawakumbusha pweza mdogo wa jenasi Argonauta. Basi.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Kambi Popote

Naweka kambi hapa. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wa mitokondria.

#3 Mwalimu wa Fomu Six

Asante mleta uzi. Nafundisha biolojia, na vijana wangu wananiuliza swali ambalo vitabu vyetu havigusi: hizo RNA fupi zinatoka wapi? Na agonauti inajuaje ichukue uzi upi, maana RNA hizo huanza zikiwa na nyuzi mbili?

#4 Mchimba Seli

Mwalimu, shikamoo. Hilo ndilo swali zuri.

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza, seli yenyewe ina jeni ambazo kazi yake si kutengeneza protini bali kutoa mikro-RNA. Ambros na Ruvkun waliiona ya kwanza, lin-4, kwenye mnyoo C. elegans mwaka 1993, na kwa miaka saba watu wakadhani ni maajabu ya mnyoo tu, mpaka let-7 ilipotangazwa mwaka 2000 na kuonekana ipo hata kwa binadamu. Njia ya pili ni RNA ndefu ya nyuzi mbili, mara nyingi ya kirusi kinachojizalisha. Hiyo ndiyo Fire na Mello walimdunga mnyoo mwaka 1998.

Njia zote mbili zinapita kwa kimeng'enya kinachoitwa Dicer, ambacho kinakatakata na kutoa vipande vifupi vyenye nyuzi mbili. Kipande kinaingizwa kwenye agonauti kwa msaada wa protini za Hsp90 zinazoifungua kwanza, maana ikiwa imejifunga haipokei kitu. Uzi mmoja unabaki, mwingine unatupwa. Kanuni ya kuchagua iligunduliwa mwaka 2003: uzi ambao ncha yake ya 5 imeshikwa kwa ulegevu na mwenzake ndio unaobaki. Halafu mfuko wa MID nao una upendeleo wake. Kwenye Arabidopsis, AGO1 inapenda RNA inayoanza na U, AGO2 na AGO4 zinapenda inayoanza na A, AGO5 inapenda C. Herufi moja tu ya mwanzo inaamua RNA iende ofisi gani.

Na si kila kiumbe kina idadi sawa. Arabidopsis ina agonauti 10. Binadamu tuna 8: nne za AGO na nne za ukoo wa PIWI (jina ni lilelile la sehemu inayokata, msichanganye). Nzi wa matunda ana 5. Hamira ya mandazi haina hata moja, ilizipoteza.

#5 Mbishi wa Ubungo

Mkuu, umesema agonauti inakata. Lakini mimi nilisoma kwamba kwa binadamu mikro-RNA nyingi HAZIKATI. Sasa tushike lipi?

#6 Mchimba Seli

Yote mawili, Mbishi. Kwenye mimea mikro-RNA nyingi zinaoana na shabaha karibu herufi zote, kwa hiyo kisu kinatumika. Kwa wanyama ni mbegu tu ndiyo inaoana, katikati panabaki na uvimbe, kisu hakifikii. Hapo agonauti inafanya kazi ya kuita wengine. Ina vimfuko kwenye PIWI vinavyonasa asidi amino iitwayo triptofani, na kuna protini, GW182, iliyojaa jozi za glisini na triptofani mfano wa kulabu. Kulabu zinaingia kwenye vimfuko, GW182 inaita kundi la CCR4-NOT, nalo linang'oa ule mkia wa A nyingi unaoilinda RNA mjumbe. Nakala isiyo na mkia haikai, inaliwa.

Shikeni hii habari ya kulabu za triptofani. Tutairudia tukifika shambani.

#7 Dkt. Sindano

Nyongeza kwa Mbishi. Kwa muda mrefu ilisemwa kati ya AGO nne za binadamu ni AGO2 pekee inayokata. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba AGO3 nayo inakata, ila inachagua sana RNA ya kuiongoza. Na kuna mikro-RNA moja, miR-451, muhimu kwenye utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, ambayo haipiti kabisa kwa Dicer. AGO2 yenyewe ndiyo inayoikata na kuikamilisha.

Halafu msimalize bila kutaja dawa. Patisiran iliruhusiwa Marekani Agosti 2018 kwa ugonjwa wa kurithi wa amiloidi unaosababishwa na protini TTR, dawa ya kwanza ya aina hii duniani. Ikafuata inclisiran ya lehemu: inanyamazisha jeni ya PCSK9 kwenye ini, na mgonjwa anachomwa sindano mara mbili tu kwa mwaka baada ya dozi mbili za kuanzia.

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku

Daktari, mara mbili kwa mwaka inawezekanaje? Dawa zetu za kawaida mgonjwa akiruka siku moja tunagombana.

#9 Dkt. Sindano

Dada Nesi, jibu ndilo analolipigia kelele mleta uzi. RNA ya dawa imebadilishwa kikemia isiliwe haraka na imefungiwa sukari ya GalNAc ambayo ini linaipokea kwa vipokezi vyake. Ikishaingia kwenye AGO2 inalindwa humo, na AGO2 moja yenye RNA yake inakata nakala moja, inaachia, inakata nyingine. Ndiyo maana dozi ndogo inakwenda mbali.

Bei yake ni mada nyingine, na ni mada ya kusikitisha.

#10 Mkulima wa Mkuranga

Nimesoma mpaka hapa kwa sababu mleta uzi alisema atafika shambani. Mimi nalima muhogo. Majani yanapendeza, nang'oa, ndani mzizi umeoza rangi ya kahawia, hautafuniki wala haukaangiki. Hiyo agonauti yenu itanisaidia nini?

#11 Mchimba Seli

Mzee wangu, umeeleza ugonjwa wa michirizi kahawia, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu posti ya kwanza.

Ugonjwa huo ulielezwa kisayansi mwaka 1936 na Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara. Kwa miongo mingi ukahesabiwa kuwa wa pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa, mpaka mwaka 2004 ulipoanza kusambaa Uganda, nyanda ambazo watu waliamini ni za juu mno kwake. Unaletwa na virusi viwili ndugu, CBSV na UCBSV, vinavyobebwa na nzi weupe na, mbaya zaidi, na pingili zenyewe tunazopeana majirani.

Jenomu ya virusi hivi, yaani maagizo yao yote ya urithi, ni RNA. Vikianza kujizalisha ndani ya seli ya muhogo vinapita hatua ya nyuzi mbili, na Dicer za mmea zinavikatakata. Agonauti za mmea zinabeba vipande hivyo na kuanza kuwinda RNA yote inayofanana navyo, yaani kirusi chenyewe. Hii ndiyo kinga ya mmea. Mmea hauna damu wala chembe nyeupe, una hii. Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Wingard, aliona tumbaku iliyougua ringspot (ugonjwa wa kirusi wa madoa ya duara) ikitoa majani mapya ya juu yasiyo na dalili, na hata akiyapaka kirusi kilekile hayaugui. Alikuwa anaitazama kazi ya agonauti, miaka 70 kabla hazijapewa jina.

Kwa nini basi muhogo wako unaoza? Kwa sababu virusi navyo havikulala. Karibu kila familia ya virusi vya mimea imebuni namna ya kuihujumu mashine hii. Kirusi cha batobato la tango kina protini 2b inayoing'ang'ania AGO1. Virusi vya ukoo wa polerovirus vina P0, inayoipeleka AGO1 ikaharibiwe. Na CBSV? Mbanzibwa na wenzake walipoisoma jenomu yake mwaka 2009 walikuta haina ile protini HC-Pro ambayo ndugu zake wengi huitumia kuzima unyamazishaji. Kazi hiyo inafanywa na protini nyingine, P1.

Sasa kumbukeni kulabu. Kuna kirusi cha viazi vitamu, SPMMV, cha ukoo uleule wa ipomovirus kama CBSV, kilichoelezwa mara ya kwanza hapahapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970. Mwaka 2010 ilionekana kwamba P1 ya kirusi hicho imebeba kulabu zilezile za glisini na triptofani. Kimeghushi kulabu! Inajipachika kwenye AGO1 iliyokwisha kushika RNA yake, na mashine inasimama. Ukiziondoa triptofani hizo, hujuma inakwisha. Mimi huwa nawaambia watu kwamba siri ya kulabu kwenye AGO2 ya binadamu na siri ya kiazi vitamu kinachodumaa ni siri moja, na hakuna anayenisikiliza.

#12 Dada wa Kilifi

Mleta uzi, kwetu Kenya si kuna muhogo uliotengenezwa kwa njia hii? Nakumbuka habari ya NBA, mamlaka yetu ya usalama wa kibayolojia, kuuruhusu.

#13 Mchimba Seli

Ndiyo dada. Mradi wa VIRCA Plus, wa mashirika ya utafiti wa kilimo KALRO ya Kenya na NARO ya Uganda, pamoja na Kituo cha Danforth cha Marekani. Aina hiyo inaitwa 4046. Wamechukua kipande cha jeni ya protini inayofunika virusi vya michirizi, wakakipanga kwenye DNA ya muhogo kikiwa kimegeuzwa kinyumenyume, ili RNA yake ikitoka ijikunje iwe nyuzi mbili. Dicer inaikata, agonauti zinajipakia. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliruhusu muhogo huo kutoka kwenye majaribio yaliyozungushiwa uzio, kwa masharti yake.

Kinachonivutia ni muda. Mmea wa kawaida unaanza kupakia agonauti baada ya kirusi kuingia, na kufikia hapo P1 imeshaanza kumwagwa. Huu umeshapakia kabla nzi mweupe hajatua. Kirusi cha kwanza kinapovua koti lake kinakutana na mgambo mwenye picha.

#14 Jasiri Haachi Asili

Yaani mnatulisha RNA za kunyamazisha jeni, halafu mnasema hatutanyamazishwa sisi? Kuna utafiti wa Wachina ulisema RNA ya mchele inaingia kwenye damu ya mtu. Msitufanye watoto.

#15 Mchimba Seli

Hakuna anayekufanya mtoto, Jasiri. Utafiti huo upo. Ulitoka Chuo Kikuu cha Nanjing mwaka 2012, ukidai miR168a ya mchele inaonekana kwenye damu na inagusa jeni ya ini la panya. (Kwa mzaha wa maumbile, miR168 kwenye mmea kazi yake ni kuidhibiti AGO1 yenyewe.) Tatizo ni kwamba waliorudia majaribio hawakupata hayo. Mwaka 2013 kundi jingine liliwalisha panya mchele na halikuona RNA hiyo ikifika kwa kiasi chenye maana, na mabadiliko ya lehemu waliyaeleza kwa tofauti ya lishe.

Na fikiria jambo moja. Muhogo unaougua michirizi umejaa RNA fupi za kirusi hichohicho, kwa sababu mmea wenyewe unazitengeneza ukipigana. Ukikata sehemu iliyooza ukachemsha iliyobaki, umezila. Bibi zetu wa pwani wamezila tangu kabla ya Storey. RNA hizo zimelengwa kwa kirusi cha mmea, na tumbo linazisaga kama RNA ya chakula kingine chochote.

Ukitaka kubishana kuhusu nani anamiliki mbegu, nani anapanga bei, serikali ya Tanzania kusitisha majaribio ya GMO (mazao yaliyobadilishwa jeni) Januari 2021, hayo ni mabishano halali kabisa na nitakaa nawe mpaka asubuhi. Ila usiyavalishe joho la biolojia.

#16 Jasiri Haachi Asili

Sijakubali ila nimekusikia.

#17 Kambi Popote

Swali la mwisho kabla sijalala. Hii si ndiyo CRISPR, ile njia ya kuhariri jeni?

#18 Dkt. Sindano

Hapana. Cas9, kisu cha CRISPR, inakata DNA, na badiliko linabaki milele. Agonauti zetu zinagusa RNA, ukiondoa RNA fupi jeni inasema tena.

Lakini bakteria wana agonauti zinazoongozwa na DNA na kukata DNA, mfano ile ya Thermus thermophilus. Hapo ndipo ilipotokea sakata. Mei 2016 Han Chunyu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hebei alitangaza kwamba NgAgo, agonauti ya kijidudu kingine, inahariri jenomu ya seli za binadamu kwa joto la kawaida la mwili. Maabara zikakimbilia, zikajaribu, hazikupata kitu. Agosti 2017 makala ikaondolewa.

#19 Mwalimu wa Fomu Six

Na ule ukoo wa PIWI uliotajwa juu juu? Binadamu ana nne, zinafanya nini?

#20 Mchimba Seli

Mwalimu, hizo zinalinda korodani na mayai ya uzazi. Zinabeba RNA ndefu kidogo, nyukleotidi 24 hadi 31, na shabaha yake kubwa ni transposoni, vile vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika popote kwenye jenomu. Zikiharibika, panya dume wanakuwa tasa. Ukikata RNA ya transposoni kwa PIWI moja, kipande kinachotoka kinakuwa RNA ya kuiongoza PIWI nyingine, ambayo nayo inatoa ya kuiongoza ile ya kwanza. Mzunguko huo ulielezwa mwaka 2007 kwa nzi wa matunda. Zinastahili uzi wake.

#21 Mkulima wa Mkuranga

Nimeelewa nusu, nusu nitamwomba mjukuu. Sasa msimu huu nipande nini? Hiyo 4046 haipo kwetu.

#22 Mchimba Seli

Haipo, mzee. Nenda TARI Kibaha, kituo cha utafiti wa kilimo, uulize pingili safi. Aina ya Kiroba inastahimili: majani yake yanaonyesha dalili lakini mizizi inachelewa kuoza, ukiivuna mapema unaokoa mzigo. Ukilazimika kutumia pingili zako, usichague kwa kuangalia majani. Siku ya kuvuna pasua mizizi ya kila shina kabla hujakata pingili zake, na tazama shina lenyewe kama lina michirizi ya kahawia kwenye sehemu ya kijani. Ukiona doa mzizini, shina zima lichome hata kama majani yanang'aa. Na pingili za kupewa kutoka wilaya nyingine, zikatae kwa adabu.

#23 Mkulima wa Mkuranga

Shemeji yangu ameniletea mzigo mzima jana kutoka Rufiji. Nitamwambiaje?